Karen Carpenter: Sauti Tamu, Ugonjwa Kimya

Wasee, kama mzazi wako hupenda zile ngoma slo za kitambo kwa redio, sauti ya Karen Carpenter unaijua hata kama jina hulijui.

Karen alizaliwa 2 Machi 1950 New Haven, Marekani. 1963 familia ikahamia Downey, California. Huyu dem hakuanza na maiki, alianza na dramu, na manze alizichapa kuliko machali wengi. Yeye na bro yake Richard wakaunda The Carpenters. 1970 ngoma yao Close to You ikashika nambari moja Marekani, Grammy tatu zikafuata. Wakaomoka.

Kumbe nyuma ya pazia kulikuwa na noma. Karen alishikwa na anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kunenepa hata akiwa amekondeana. 1975 mwili uligoma, shoo za Uingereza zikakatwa. Baadaye akaanza kumeza homoni za thairoidi na hakuwa na shida ya thairoidi, ati ndio apungue. Hiyo homoni ikizidi hukimbiza moyo mbio na kula mifupa.

1982 alienda New York kusaka matibabu, akalazwa, kilo zikaanza kurudi. Lakini moyo ulikuwa umechoka. 4 Februari 1983 alianguka kwa wazazi wake Downey, akaaga. Miaka 32 tu.

Kifo chake kiliamsha watu. Wengi ndio walikuwa wanasikia anoreksia mara ya kwanza.

Sasa shika hii. Mwili ukikosa chakula, hedhi hukatika, estrojeni hushuka, na mifupa hubaki myepesi ya kuvunjika ovyo. Madaktari walijaribu vidonge vya kupanga uzazi, wapi! Kidonge hupitia kwa ini na kushusha homoni ingine inayojenga mfupa. 2011, utafiti wa Boston ulionyesha kibandiko cha estrojeni cha kuweka kwa ngozi kiliongezea wasichana wenye anoreksia nguvu ya mifupa, ingawa hawakuwafikia kabisa wenzao wenye afya. Kwa hivyo dawa kuu bado ni msosi, uzito kurudi na kutibiwa akili.

Beshte yako akiruka mlo kila siku na hedhi zimepotea, usimsifu ati amekuwa modo. Mshike mkono, mwende hosi.