Lloyd Mathews

Lloyd William Mathews (Funchal, Madeira, 7 Machi 1850 – Zanzibar, 11 Oktoba 1901) alikuwa mwanamaji wa Uingereza aliyeunda kikosi cha kwanza cha askari wa mtindo wa Ulaya katika Usultani wa Zanzibar. Baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Usultani huo.

Maisha ya awali

Aliingia Jeshi la Wanamaji la Uingereza mwaka 1863, akashiriki vita dhidi ya Waashanti (katika Ghana ya leo) miaka ya 1873-1874. Mwaka 1875 alipangiwa manowari HMS London, iliyokuwa Zanzibar kwa kazi ya kukamata majahazi ya watumwa.

Askari wa Sultani

Wakati huo Mji wa Zanzibar haukuwa na halmashauri yenye polisi wake. Ulinzi wa mji, ngome na gereza ulikuwa mikononi mwa Sultani, naye alitegemea askari wa kukodiwa, hasa Waarabu na Wabaluchi. Mwaka 1877, chini ya Sultani Barghash bin Said, Mathews alikabidhiwa kazi ya kuunda kikosi kipya.

Alifungua nafasi kwa Waafrika, waliokuwa wengi kisiwani. Kufikia mwisho wa mwaka watu 300 walikuwa katika mafunzo, na baadaye idadi ilipita 1,000. Mwaka 1878 serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500. Kupata watu hakukuwa rahisi: baadhi walitolewa gerezani, wengine waliletwa kutoka Dar es Salaam, na wengine walikuwa watumwa walionunuliwa kwa mabwana zao. Jambo hili lisipitwe haraka, kwa sababu kikosi hichohicho ndicho kilichotumwa Pemba kuzuia magendo ya watumwa.

Kazi zake zilikuwa za kijeshi na za kipolisi kwa pamoja. Mwaka 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London alipouawa na wafanyabiashara wa watumwa karibu na Pemba, Mathews na askari wake ndio waliowasaka wauaji.

Uwaziri na kifo

Mathews alikuwa waziri mwaka 1891, Zanzibar ikiwa tayari chini ya ulinzi wa Uingereza. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alipojitwalia kiti cha usultani, askari waligawanyika: baadhi walijiunga na Khalid, wengine wapatao 900 walibaki upande wa serikali. Tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza zililipiga jumba la Sultani, na vita vilikwisha kabla ya saa moja kupita.

Mwaka 1897 utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria Unguja na Pemba, miaka 20 baada ya kikosi kuanzishwa. Mathews alikufa kwa malaria, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji.