Ndugu William wa Rubruck: Pasaka ya Mateka katika Mji wa Karakorum

Baba Mtakatifu Fransisko alipozuru Mongolia mwezi Septemba 2023, wengi wetu tulidhani kwamba habari za Ukatoliki katika nchi ile zimeanza juzi tu. Parokia za huko ni changa kweli, na waamini wake hawafiki elfu mbili. Hata hivyo, miaka 770 hivi kabla ya ziara hiyo, Mfransisko mmoja aliwahi kuishi katika mji mkuu wa Wamongolia, akiadhimisha Misa na kuungamisha watu. Ni Ndugu William, mzaliwa wa Rubruck katika nchi ya Flanders.

William hakutumwa kuwa balozi. Mwezi Mei 1253 aliondoka Konstantinopoli pamoja na mwenzake wa shirika, Ndugu Bartolomeo wa Cremona, akiwa na barua ya Mtakatifu Ludoviko IX, Mfalme wa Ufaransa, kwa mkuu wa Kimongolia aitwaye Sartaq. Alitaka kuhubiri Injili, na hasa kuwatafuta Wajerumani waliotekwa utumwani, awape huduma ya kiroho. Lakini Sartaq alimpeleka kwa baba yake, Batu, na Batu akaamuru aende mpaka kwa Khan Mkuu Möngke. Walipanda farasi tangu katikati ya Septemba hadi tarehe 27 Desemba, kwa njaa na baridi kali. Wale Wajerumani hakuwaona kamwe. Alipofika kambini alitembea pekupeku kama ilivyokuwa desturi ya shirika lake, mpaka vidole vya miguu vikaumizwa na baridi, naye akalazimika kuvaa viatu.

Kambini chakula kilikuwa mtama na nyama kidogo ya kondoo aliyekonda. Kingeweza kuwatosha, lakini maskini wenye njaa waliwazunguka, nao hawakuweza kula huku wakitazamwa. Mkalimani wake alikuwa dhaifu, hata mahubiri yakapotea njiani kati ya lugha mbili. Desturi za ugenini nazo zilikuwa na mitego yake: siku moja Ndugu Bartolomeo, akitoka katika hema la Khan, alijikwaa kwenye kizingiti, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Alisamehewa kwa kuwa hakuijua sheria, lakini hakuruhusiwa tena kuingia humo.

Dominika ya Matawi, tarehe 5 Aprili 1254, waliingia Karakorum. Mji huo ulizungukwa na ukuta wa udongo wenye malango manne: upande wa mashariki waliuza nafaka, magharibi kondoo na mbuzi, kusini ng'ombe na magari ya kukokotwa, kaskazini farasi. Palikuwa na mtaa wa Waislamu wenye masoko, na mtaa wa mafundi wa Kichina. Palikuwa na mahekalu 12, misikiti miwili na kanisa moja la Wanestori. William, mtu asiyependa kutia chumvi, aliona kwamba ukiacha jumba la Khan, kijiji cha Saint-Denis karibu na Paris kilikuwa bora kuliko mji huo. Tunampenda kwa ukweli wake huo.

Ndani ya mji huo waliishi watu wasiokuja kwa hiari yao. Guillaume Boucher, sonara wa Paris, alikuwa ametekwa Belgrade. Sasa alimfanyia Khan kazi, na ndiye aliyemtengenezea mti mkubwa wa fedha uliotiririsha divai, maziwa ya farasi yaliyochachuka, kinywaji cha asali na pombe ya mchele. Paquette, mwanamke wa Metz, alitekwa Hungaria. Baada ya mateso mengi aliolewa na fundi wa nyumba wa Kirusi, wakapata watoto watatu. Alipowaona watawa wale aliwaandalia chakula kadiri ya uwezo wake.

Tena walikuwako Wahungaria, Waalani, Warusi, Wajojia na Waarmenia. Tangu kutekwa kwao hawakuwa wamepokea Ekaristi, kwa sababu Wanestori, kama walivyomweleza William, hawakuwaruhusu kuingia kanisani mwao wasipokubali kubatizwa upya. Pasaka ilikuwa imekaribia, nao wakamsihi. Yeye hakuwa na kalisi, wala mavazi ya ibada, wala altare. Hapo sonara akaonyesha moyo wake: alitengeneza chuma cha kuokea hostia na kushona mavazi. Wanestori nao, ambao William aliwalaumu kwa mengi, walimpa nafasi mahali pao pa ubatizo palipokuwa na altare, pamoja na kalisi na patena za fedha.

Kwanza aliwaungamisha, akiwaeleza Amri za Mungu kwa msaada wa mkalimani. Wengi waliungama wizi, kwa maana mabwana zao hawakuwapa chakula wala nguo. William hakuwatwisha mzigo juu ya mzigo: aliwafundisha kwamba kuchukua kilicho cha lazima kwa uhai, katika mali ya bwana aliyewanyima haki yao, si dhambi. Kisha akaadhimisha Misa Alhamisi Kuu na Dominika ya Pasaka, nao wakakomunika.

Mkesha wa Pentekoste alijadiliana hadharani na Waislamu na Wabudha. Hakuna aliyeongoka kwa mjadala huo. Katika kukaa kwake kote huko alibatiza watu sita tu. Kiangazi mwaka huohuo alianza safari ya kurudi, akifika Tripoli ya nchi ya Shamu mwezi Agosti 1255. Mkuu wake wa shirika alimpa kazi ya kufundisha Akko, kwa hiyo alimwandikia Mfalme Ludoviko safari yake yote katika barua ndefu.

Ndugu Bartolomeo, aliyekuwa dhaifu mno kwa safari, alibaki Karakorum chini ya uangalizi wa Boucher. Sonara mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Alimkabidhi William mshipi wenye kito cha thamani, aina wanayovaa Wamongolia kujikinga na radi, aupeleke kwa mfalme aliyekuwa zamani bwana wake.