Bibi Smith na Mche wa Kando ya Kijito

Katika miji yetu ya Kanda ya Ziwa huuzwa tufaa la kijani, gumu, lenye ukali unaosisimua meno. Jina lake ni Granny Smith, yaani Bibi Smith. Wengi hudhani kwamba hilo ni jina la biashara tu. La hasha. Bibi Smith alikuwa mkulima, na maisha yake yana funzo kwa wananchi wa visiwa vya Ukerewe, kwa wakulima wa pamba wa Dutwa, na zaidi kwa watumishi wa serikali waliopewa dhamana ya kilimo.

Maria Ann Sherwood alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Peasmarsh, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua wa mashambani, na mwaka 1819 aliolewa na Thomas Smith, kibarua vile vile. Hali ya vibarua wa huko ilikuwa ngumu. Mwaka 1838 Maria na mumewe, pamoja na watoto wao watano, walipanda jahazi kubwa la wahamiaji na kushuka Sydney, Australia. Huko waliendelea na kazi za mikono, mpaka katika miaka ya 1855 na 1856 walipoweza kununua shamba lao wenyewe, kiasi cha eka 24, katika eneo la Ryde. Wakapanda miti ya matunda.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyochapishwa katika gazeti moja la wakulima la Australia mwaka 1924, Bibi Smith alikuwa amemwaga karibu na kijito mabaki ya matufaa yaliyotoka kisiwa cha Tasmania. Mahali hapo ukaota mche ambao hakuna aliyeupanda. Mwenye haraka angeung'oa. Bibi huyu aliuacha, akautunza hata ukazaa, akaonja tunda lake na kutambua kwamba halikufanana na jingine lolote shambani mwake. Mwaka 1868 akawaita mkulima jirani na mwanawe wa miaka 12 waje waukague mti huo.

Yafaa tukumbuke kwamba mbegu ya tufaa haizai tunda kama la mama yake. Kila mbegu huleta mti wa namna yake, na iliyo mingi haina faida. Mti ulio bora ukishapatikana, njia ya kuuzidisha ni kubebesha, yaani kukata kikonyo chake na kukiunganisha na shina la mche mwingine. Kwa hiyo kila mti wa Granny Smith ulioko duniani leo asili yake ni ule mti mmoja wa kando ya kijito. Kama ungeng'olewa, tunda hilo lisingalikuwako.

Bibi Smith alifariki tarehe 9 Machi 1870, bila kuona utajiri wala sifa. Lakini jirani mmoja, Edward Gallard, alikwisha kuona thamani ya tunda lile, akaendelea kulipanda. Mwaka 1891 tunda hilo lilipata zawadi katika maonyesho ya kilimo ya Castle Hill, likiwa na jina la bibi aliyeligundua. Mwaka 1895 Idara ya Kilimo ya New South Wales ililiweka katika orodha ya matunda yafaayo kuuzwa nchi za nje, maana lilihifadhika kwa muda mrefu na kuvumilia safari ya bahari. Kituo cha serikali huko Bathurst kikalipanda kwa wingi.

Hapo ndipo penye funzo. Tangu majirani walipoitwa kuukagua ule mti hadi serikali ilipoutambua, ilipita miaka 27. Mkulima aligundua, jirani akahifadhi, mtaalamu akaeneza. Kama mmoja wao angekosa kutimiza wajibu wake, kazi ya wengine ingepotea.

Tufaa hupenda baridi. Mahali pake ni Lushoto, Njombe na Makete, wala hatuwaambii watu wa Dutwa waache pamba yao. Lakini ni nani ajuaye kuna mwembe gani Ukerewe, au shina gani la mtama Dutwa, lililostahimili ukame mwenzake alipokauka? Mwenye shamba anajua. Tangu miaka ya 1930 kituo cha Ukiriguru kimefanya kazi kubwa ya kuchagua mbegu bora za pamba, lakini hakuna kituo kinachoweza kuona kila kona ya kila shamba.

Hivyo hatuna budi kuwasihi mabwana na mabibi shamba wasiende vijijini kufundisha tu, bali waende pia kuuliza na kutazama. Na mkulima aonapo mche wa ajabu asiung'oe, wala asiufiche. Awaite majirani, kama alivyofanya Bibi Smith.