Imam Shafii kama alivyomuona mwanafunzi wake

Ndugu msomaji, muulize Muislamu wa mwambao wetu yeye ni wa madhehebu gani, mara nyingi atakujibu bila kusita: Shafii. Muulize tena huyo Shafii alikuwa mtu wa namna gani, atanyamaza. Nayaona haya darasani kwangu kila mwaka. Wanafunzi wanazijua nguzo za udhu, lakini mwenye madhehebu hawamjui.

Muhammad bin Idris Shafii alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767 Miladia). Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na mama yake akampeleka Makka. Inasimuliwa kuwa kwa ufukara wao hakumudu hata karatasi, akawa anaandika masomo yake juu ya mifupa. Alisoma kwa Imam Malik huko Madina, akafika Yemen na Baghdad, kisha akahamia Misri. Huko ndiko alikofariki mwaka 204 Hijria (820 Miladia).

Vitabu vyake vya Risala na Al-Umm vilitufikia kupitia kwa mwanafunzi wake Rabii bin Sulayman, muadhini wa msikiti wa Amr bin Al-As, Fustat. Rabii hakuwa mwepesi wa kuelewa. Imam alimrudilia somo mara nyingi, na akamwambia kuwa lau angeweza kumlisha elimu kama chakula, angemlisha.

Siku moja Imam aliugua. Rabii akaenda kumzuru, akamuombea Mwenyezi Mungu autie nguvu udhaifu wake. Imam akamtania kuwa udhaifu ukipata nguvu utamuua. Rabii akaapa kuwa hakukusudia ila kheri. Imam akamtuliza: hata lau angemtukana, angejua kuwa amekusudia kheri.

Rabii angeweza kuificha habari hii, kwani inamuonesha yeye akiteleza ulimi. Hakuificha. Kwa hiyo leo tunamjua Imam mwenye subira na mzaha, si jina tu juu ya jalada.

Je, sisi tumewafanyia nini masheikh zetu? Wengi wamekwenda, na madaftari yao yanaliwa na mchwa. Wewe uliyekaa mbele ya sheikh, chukua kalamu. Andika darsa zake, na uandike pia alivyocheka, alivyokasirika na alivyosamehe. Tuanze na hawa ambao bado wako hai.