Anuarite Nengapeta: imani ya mtu aliyeogopa

Katika miji mingi ya mashariki ya Kongo utakuta masomo ao parokia yenye kuitwa Anuarite. Wengi wanajua tu kama aliuawa na Wasimba. Maisha yake mbele ya usiku ule wa Isiro hayasimuliwi sana, na ndiyo yanaonyesha alikotoa nguvu ya kukataa.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 kwa Wabudu wa Wamba, leo katika jimbo la Haut-Uélé. Wazazi walimuita Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake: siku ya kuandikishwa kwa masomo waliandika jina la dada, likabaki vile. Makosa ya kalamu, sawa yale tunayoona mpaka leo kwa karata za uchaguzi.

Nyumbani hapakuwa na amani. Mama yake, Isude, alizaa mabinti sita, yeye akiwa wa nne. Baba, Amisi, alitaka mtoto mwanaume, akamuacha mama na kuoa mwingine. Kwetu jambo hili si geni, wamama wengi wanafukuzwa hivi mpaka leo. Mtoto aliumia, lakini hakumchukia baba. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama, akaitwa Alphonsine.

Alipotaka kuingia kwa masista wa Jamaa Takatifu, shirika la wenyeji lenye makao Bafwabaka, mama alikataa, aliona angali mdogo. Basi siku moja kamyo ilikuja kubeba wasichana waliotaka usista, naye akapanda bila kuaga mtu. Mama alijua kiisha, akaacha tu. Tarehe 5 Agosti 1959, alipoweka nadhiri za kwanza na kupewa jina la Marie-Clémentine, wazazi walileta mbuzi wawili kwa furaha. Lakini umaskini ulipobana nyumba, mama aligeuka, akamuomba arudie kusaidia jamaa. Sista alikataa. Kumkatalia mama mwenye njaa si jambo jepesi, na hakulifanya kwa kiburi: aliamini kama Mungu aliyemuita anajua pia shida ya nyumba yao.

Huko Bafwabaka alifundisha masomo ya msingi, akatunza sakristia, akapika. Hakuwa mtu baridi. Alikuwa na moyo mwepesi wa kuumia, na wenzake walijua kama anakasirika upesi.

Mwaka 1964 uasi wa Wasimba ulienea, na mwanzoni mwa Agosti wakakamata Stanleyville, Kisangani ya leo. Tarehe 26 Novemba askari wa parachuti wa Ubelgiji walishuka Paulis, ndiyo Isiro, wakabeba wageni waliowapata, kiisha wakaondoka. Wenyeji walibaki mikononi mwa waasi wenye hasira. Siku tatu nyuma yake, tarehe 29, Wasimba walifika Bafwabaka na kupakia masista wote ndani ya kamyo. Mbele ya kupanda, Anuarite alitia mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria.

Jioni ya tarehe 30, huko Isiro, kolonele mmoja, Ngalo, alimchagua awe bibi yake. Mama mkubwa wa masista, Léontine Kasima, alikataa waziwazi. Kolonele Olombe akapewa kazi ya kumlegeza. Masista waliletewa wali na samaki, wakala pamoja. Anuarite hakuweza kumeza. Aliwaomba wenzake wamuombee, akawaambia kama yuko hatarini na heri afe kuliko kuvunja nadhiri.

Hapa wahubiri wengine wanakosea. Wanamueleza kama mtu wa jiwe, asiye na woga. Mtu asiyeogopa anakula chakula chake. Yeye alijua yatakayomfikia, mwili ukakataa chakula, na bado hakubadilisha neno.

Usiku Olombe alitaka kumuingiza kwa nguvu ndani ya motokari pamoja na sista mwingine, Bokuma. Walikataa. Aliwapiga kwa kitako cha bunduki mpaka mkono wa Bokuma ukavunjika, naye akazimia. Anuarite, akipigwa, alimwambia Olombe kama anamsamehe kwa sababu hajui anachofanya. Olombe aliita Wasimba wamchome kwa visu vya bunduki, kiisha akampiga risasi. Alikata roho kama saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba, mbele ya dada zake wa shirika. Alibakiza siku 28 tu kutimiza miaka 25. Masista waliimba wimbo wa sifa wa Bikira Maria, waasi wakiwa bado wanawazunguka.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri. Katika misa ile Papa naye alimsamehe muuaji, sawa vile sista alifanya.

Mwili wake ulitupwa ndani ya kaburi moja na watu wengine waliouawa. Kiisha miezi, wakati vita ilipotulia Isiro, walifukua ili wamtafute. Maiti zilikuwa nyingi na zimeharibika. Walimtambua kwa ile sanamu ndogo, ilikuwa ingali mfukoni.