Adriano Olivetti: aliyerudi kutoka uhamishoni akataka nchi yake itengeneze kompyuta

Wengi wetu jina la Olivetti tulilijua kabla hatujajua kuwa ni jina la mtu. Lilikuwa limeandikwa kwenye mashine ya taipu, iwe ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa karani wa mahakama, au kwa yule mzee mwenye meza yake nje ya ofisi ya forodha, anayewachapia watu barua na maombi ya vibali. Mimi nilisoma katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, na mitihani yetu ilichapwa kwa mashine ya aina hiyo kabla ya kudurufiwa. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari za mwenye jina hilo. Maisha yake yanatuhusu sisi tuliowahi kuishi ugenini, na yanawahusu pia ninyi mnaovuka mpaka wa Mugina au Kobero kila asubuhi kutafuta riziki.

Adriano Olivetti alizaliwa tarehe 11 Aprili 1901 huko Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, karibu na milima ya Alps. Baba yake, mhandisi Camillo Olivetti, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na mama yake, Luisa Revel, alikuwa binti wa mchungaji wa Kiprotestanti. Mwaka 1908 Camillo alifungua kiwanda cha mashine za taipu, cha kwanza cha aina hiyo katika Italia. Wakati huo soko la dunia lilikuwa mikononi mwa Wamarekani, na kampuni iliyosifika zaidi iliitwa Underwood. Naomba ulishike jina hilo, tutakutana nalo tena mbele.

Mwezi Agosti 1914 Adriano akiwa na umri wa miaka 13, baba yake alimpeleka kiwandani akafanye kazi kama kibarua. Kijana alichoka, si mwili tu bali na akili, kwa kurudia jambo lile lile kutwa nzima. Hakulisahau somo hilo. Alisoma uhandisi wa kemia mjini Turin, akahitimu mwaka 1924, na mwaka uliofuata akaenda Marekani kutembelea viwanda na kuona jinsi kazi ilivyopangwa huko.

Italia ya siku hizo ilikuwa imeangukia mikononi mwa Mussolini na chama chake cha kifashisti. Mwaka 1926 mzee mmoja wa siasa za upinzani, Filippo Turati, alikuwa akiwindwa. Adriano alishiriki katika kumtorosha, akimsafirisha kwa gari hadi pwani, na mzee yule akavushwa kwa mashua mpaka kisiwa cha Corsica. Msomaji aliyewahi kuvushwa mpaka usiku anajua thamani ya mtu anayekubali kuendesha gari la namna hiyo.

Mwaka 1932 kiwanda kilitoa mashine yake ya kwanza ya kubebeka. Mwaka 1938 Adriano akawa mwenyekiti wa kampuni. Kisha vita ikaja. Mwaka 1943 alitiwa gerezani mjini Roma kwa kuwasiliana na maadui wa utawala. Alipotoka, majeshi ya Kijerumani yalikuwa yameikalia Italia, na mtu mwenye damu ya Kiyahudi hakuwa na mahali pa kujificha kwa muda mrefu. Baba yake alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo, mbali na nyumba yake. Februari 1944 Adriano alivuka mpaka akaingia Uswisi, akawa mkimbizi.

Huko ugenini hakukaa akihesabu siku. Alisoma, alikutana na wakimbizi wenzake wenye elimu, na akaandika kitabu juu ya namna nchi inavyoweza kupangwa upya kuanzia jumuiya ndogo ndogo za watu wanaofahamiana. Mwaka 1945 vita ilipokwisha alirudi Ivrea. Hapo ndipo ninapompendea huyu bwana. Alirudi na mpango, akaanza kuutekeleza pale pale alipozaliwa, wala hakungoja serikali ya Roma imtengenezee mazingira.

Kiwanda kilipanuka. Wafanyakazi walijengewa nyumba, zahanati, shule za watoto wadogo na maktaba. Katika miaka ya 1950 saa za kazi zilipunguzwa kutoka 48 hadi 45 kwa wiki bila kupunguza mshahara. Mwaka 1955 alifungua kiwanda kipya Pozzuoli, karibu na Naples, kusini mwa nchi kulikojaa umaskini, ili vijana wa huko wasilazimike kuhama. Mwaka 1956 alichaguliwa kuwa meya wa Ivrea, na mwaka 1958 akaingia bungeni.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa akigawa sadaka. Fedha hizo zilitokana na bidhaa bora. Mwaka 1950 ilitoka taipureta ndogo iliyoitwa Lettera 22, yenye uzito wa chini ya kilo nne, na waandishi wa habari waliibeba duniani kote. Mwaka 1956 ilifuata mashine ya kupigia hesabu iitwayo Divisumma 24, iliyouzwa kwa wingi na kuleta faida kubwa. Aliyeibuni, Natale Capellaro, aliingia kiwandani kama mwanagenzi asiye na elimu kubwa ya darasani, akapanda hadi kuwa mkuu wa ufundi wa kampuni nzima. Mimi mwalimu nasema hili bila kuona haya: shule si mahali pekee panapotoa wataalamu, ila lazima awepo mkubwa mwenye macho ya kumwona fundi.

Sasa tufike kwenye kiini. Olivetti aliona mapema kwamba siku za mashine za vyuma na springi zina mwisho, na kwamba hesabu za dunia zitafanywa kwa umeme. Aliona pia kwamba nchi isiyojua kutengeneza mashine hizo itabaki kuzinunua kwa bei ya mwenzake na kwa masharti ya mwenzake. Mwaka 1954 akiwa New York alimpata Mario Tchou, mhandisi mwenye umri wa miaka 30, aliyezaliwa Roma na baba Mchina aliyekuwa mwanadiplomasia, na aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Akamwomba arudi Italia. Mwaka 1955 Tchou alikusanya vijana katika nyumba moja huko Barbaricina, karibu na Pisa, na kazi ikaanza kwa ushirikiano na chuo kikuu cha mji huo.

Wengi duniani walikuwa bado wanatumia taa za kioo ndani ya kompyuta, zinazopata joto na kuungua ovyo. Vijana wa Tchou walichagua transista. Na ili wasitegemee transista za kuagiza nje, mwaka 1957 Olivetti alishirikiana na kampuni nyingine ya Italia kuanzisha kiwanda cha kuzitengeneza, kilichoitwa SGS. Mwaka 1959 kompyuta yao, Elea 9003, ilionyeshwa hadharani. Ilikuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza duniani za biashara zilizojengwa kwa transista tupu. Zilitengenezwa kama 40 hivi, na ya kwanza ilikwenda kwenye kiwanda cha nguo.

Mwaka huo huo Olivetti alifanya jambo lililoishangaza Marekani: alinunua udhibiti wa Underwood, ile kampuni iliyokuwa kielelezo kwa baba yake. Mnunuzi wa kigeni safari hii alikuwa yeye. Alitaka mtandao wa maduka ya Underwood ili auze bidhaa zake Marekani. Ila nyumba aliyoinunua ilikuwa imeoza ndani. Mitambo ilikuwa ya zamani, hasara zilikuwa nyingi, na mzigo wa madeni ukaiangukia Ivrea.

Tarehe 27 Februari 1960 Adriano alipanda treni kutoka Milan kwenda Lausanne. Alipokuwa tayari ndani ya Uswisi, nchi ile ile iliyompokea kama mkimbizi, alianguka akafa ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 58. Kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi karibu 36,000, zaidi ya nusu yao nje ya Italia. Novemba 1961 Mario Tchou naye alikufa katika ajali ya gari, akiwa na miaka 37. Yamesemwa mengi juu ya vifo hivyo viwili, na wapo wanaoona mkono wa wapelelezi wa kigeni. Uthibitisho haujatolewa. Nami naona hatuhitaji mkono wa siri kueleza kilichofuata, maana kilifanywa mchana kweupe.

Familia ya Olivetti ilikuwa na hisa nyingi lakini fedha taslimu hazikutosha, na ndugu hawakuwa na sauti moja. Utafiti wa kompyuta ulikuwa ukila fedha, na serikali ya Italia haikutoa msaada wa maana, wala kununua mashine hizo kwa wingi kwa ajili ya ofisi zake. Bei ya hisa ilishuka. Mwaka 1964 wakubwa wa viwanda na mabenki ya Italia, wakiwemo Fiat, Pirelli na Mediobanca, waliingia kuiokoa kampuni. Wakasema taipureta na mashine za hesabu ndizo biashara yenyewe, na kitengo cha elektroniki ni mzigo wa kutupwa. Mwaka huo huo asilimia 75 ya kitengo hicho iliuzwa kwa General Electric ya Marekani.

Haikuwa Italia peke yake. Mwaka huo wa 1964 General Electric iliingia pia katika kampuni ya kompyuta ya Ufaransa, Machines Bull. Wafaransa walilalamika, serikali ikakataa kwanza na baadaye ikakubali, lakini mwaka 1966 ikaanzisha mpango wa taifa wa kujenga kompyuta zake. Huko Italia mauzo yalipita bila kelele nyingi. Mnunuzi mwenyewe hakudumu. Mwaka 1968 General Electric ilichukua sehemu iliyobaki, na mwaka 1970 ikaiuzia biashara yake ya kompyuta kampuni ya Honeywell. Kazi ya vijana wa Barbaricina ikahama mkono mmoja hadi mwingine kama gunia la maharage mpakani, na waliokuwa wakiamua bei walikuwa ng'ambo.

Hata hivyo cheche moja ilibaki. Mhandisi Pier Giorgio Perotto na wenzake wachache walikuwa wakitengeneza mashine ndogo ya kuwekwa mezani. Wakati wa makabidhiano, katika baadhi ya makaratasi, iliorodheshwa kama mashine ya hesabu badala ya kompyuta, na kwa hiyo haikwenda kwa mnunuzi. Iliitwa Programma 101. Mwezi Oktoba 1965 ilionyeshwa New York na watu wakapanga foleni kuitazama. Ziliuzwa kama 44,000, nyingi huko huko Marekani, na NASA ilizitumia katika mahesabu ya safari ya Apollo 11 ya mwaka 1969. Kampuni ya Hewlett-Packard ililazimika kuilipa Olivetti kama dola 900,000 kwa sababu ya hataza za mashine hiyo. Walichokiita mzigo, wengine walikilipia.

Lakini nafasi ikipita haingoji. Miaka ya 1980 Olivetti iliuza kompyuta nyingi za mezani, kisha ikazidiwa, na mwaka 1997 ikaachana na biashara hiyo. SGS, kile kiwanda cha transista, kilipita katika miungano kadhaa hadi kikawa sehemu ya kampuni iitwayo leo STMicroelectronics, ambamo serikali za Italia na Ufaransa zina hisa. Majengo ya Ivrea yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Ni heshima, lakini urithi huo ni wa kuta. Mashine hazitengenezwi tena humo.

Nimeyaandika haya kwa sababu vijana wawili niliowafundisha hapa Rumonge wametengeneza programu ya simu inayowasaidia wachuuzi kuweka hesabu za shilingi na faranga na madeni ya wateja wa pande zote mbili za mpaka. Mgeni mwenye fedha amewajia, anataka kununua yote, na wazazi wao wamenituma niwashauri.

Sikuwaambia wakatae. Olivetti mwenyewe alinunua kampuni ya watu, na Tchou alileta ujuzi alioupata ugenini, kama sisi tulivyorudi na Kiswahili na vyeti vya Tanzania. Fedha ya mgeni si sumu. Nimewaambia waulize mambo matatu. Nani ataamua kesho kama programu iendelee au ifungwe? Kazi ya kuitengeneza itafanyika wapi? Na daftari la madeni ya mama zetu wa sokoni litakaa kwa nani? Majibu yakiwa yote yako ng'ambo, basi wanachouza si programu bali mkono wao wenyewe.

Na sisi wengine tuna wajibu wetu. Kompyuta ya Olivetti haikushindwa kwa ubovu. Ilikosa wateja wa kutosha wa nyumbani katika miaka yake migumu, kuanzia na serikali. Mfanyabiashara wa Mugina anayelipa faranga chache kwa mwezi kutumia kazi ya kijana wa jirani anamsaidia kuliko hotuba yoyote ya uzalendo. Anayengoja kwanza isifiwe na wageni ndipo ainunue, atainunua kwao, na kwa bei yao.