SITI BINTI SAAD: ALIYECHANUA UKUBWANI

Wanachama wenzangu, wengi wetu hapa Voi hudhani kwamba mtu asiyefanikiwa ujanani basi ameachwa na gari moshi. Hebu tumtazame Siti binti Saad.

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, akaitwa Mtumwa. Kwao walikuwa maskini, shule hakuiona. Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu. Alijitwika, akatembea hadi mjini huku akiimba kuwaita wanunuzi. Kuimba ndiko kulikompunguzia uzito wa mzigo.

Mwaka wa 1911, akiwa ameshapita miaka thelathini, alihamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin aliipenda sauti yake, akamfundisha taarabu. Siku hizo taarabu iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akataja mambo ya mtaani na dhuluma walizotendewa wanyonge. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo zote alizitia kichwani. Wenye choyo walimcheka kwa umaskini na sura yake, yeye wala hakujali.

Mwaka wa 1928, akikaribia miaka hamsini, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Zikanunuliwa kote Afrika Mashariki! Alifariki mwaka wa 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Basi, ndugu zangu, nyanya akishika kalamu aende gumbaru, au mama akianza kusuka vikapu au kuimba kwaya, tusimcheke. Tumbebee daftari. Wahenga walisema: kawia ufike.